Zitakutana Kwenye Kaseti

Walimu wa kwaya ni wengi, lakini sisi wa Majengo tulipewa yule. Aliwahi kwenda Tabora kwenye semina ya muziki, na tangu arudi hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Ukimsalimia asubuhi, anakujibu na Tabora humo humo.

Miaka ile ya tisini kwaya yetu ilikuwa na vyombo, si mchezo: amplifaya, spika mbili kubwa, maiki mbili na betri ya gari ya kuviendesha. Tukifanya mazoezi Jumamosi mchana, mpaka watu wa stesheni ya treni walikuwa wanajua tumekosea wapi. Kurekodi ndiko tulikokuwa hatujawahi. Kwa hiyo mwalimu akaamua tutarekodi kwenye redio kaseti yake ya nyumbani, ile anayoifunika kitambaa cha kufuma, kwa sababu ilikuwa na tundu la kuchomeka maiki.

Kaseti hiyo niliitaka mimi kuliko wote. Mama yangu alikuwa kijijini huko Mwese, milimani, na masikio yake yalikuwa yanaisha. Kwaya nilianza baada ya kuolewa mjini, kwa hiyo hakuwahi kunisikia hata siku moja, na ile barabara miguu yake haikuiweza. Kaka yangu alipokuja mjini aliniambia wazi: kama unataka Mama akusikie, fanya sasa, maana siku hizi kumwita mpaka umshike bega. Wimbo wetu mkubwa naongoza mimi. Naita peke yangu, wengine wanaitikia. Nilitaka Mama aweke redio sikioni, afungulie sauti mpaka mwisho, anisikie angalau mara moja.

Fundi redio wa pale Majengo, mtu wa maneno mengi, akaja kutusaidia. Alileta waya aliouunga mwenyewe, una mkia mmoja na vichwa viwili. "Mwalimu, kazi ndogo hii," akasema. "Sauti tunaigawa tu. Huku spika, huku redio." Akauweka waya mezani na kuondoka mbio, maana alikuwa ameahidi kufunga muziki kwenye harusi Kasekese na gari lilikuwa linamsubiri.

Laiti angetumia neno lingine lolote! Umwambie mwalimu wa kwaya habari ya kugawa sauti? Kwenye kwaya kugawa sauti ni kitu kimoja tu: soprano kule, alto hapa, teno pale, besi nyuma. Mwalimu akatabasamu mpaka meno ya mwisho.

"Kugawa sauti ndiko nilikosomea," akasema, akausukuma ule waya pembeni. Kisha akatufundisha. Sauti ukiigawa nusu kwa nusu inapungua. Ni uji huo, ukiumimina kwenye vikombe viwili hashibi mtu. Kwa hiyo hakuna kupunguza. Wanawake wote tuende kwenye spika, wazima wazima, na wanaume wote waende kwenye redio. Maiki moja ikabaki na sisi kanisani, spika zikageuziwa madirishani kuelekea mtaani. Ya pili ikachomekwa kwenye redio, na redio pamoja na teno na besi wakaingizwa kwenye chumba cha kubadilishia mavazi, eti sauti zisichanganyikane njiani. Yeye akasimama mlangoni, mlango ameurudisha ukabaki upenyo wa mkono tu. Mkono wa kulia alituongoza sisi, wa kushoto ameupenyeza ndani anawaongoza wenzetu.

Nikamuuliza, "Mwalimu, redio iko kule. Mimi naingia vipi kwenye kaseti?"

"Dada, wewe imba. Zitakutana kwenye kaseti."

"Zitakutana vipi?"

"Dada, umewahi kufika Tabora?"

Sikuwahi. Nikaimba.

Na niliimba, jamani! Spika zilinipeleka mtaa mzima, watu wakaja kusimama madirishani na mizigo yao kichwani. Tulipomaliza mwalimu akatoa kaseti, akaipuliza vumbi, akamkabidhi kaka yangu, ambaye lori la Mwese lilikuwa linampigia honi. Nikasema tuisikilize kwanza. Mwalimu akasema kusikiliza kunamaliza betri. Na sisi, watu wazima na akili zetu, tukapiga makofi.

Mvua zilipokatika nikapanda Mwese mwenyewe. Nilimkuta Mama nje anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, "Shikamoo Mama." Kimya. Nikamshika bega, ndipo akageuka, akanikumbatia, na kabla hata sijatua mzigo akaanza kulia.

"Mwanangu, masikio ndiyo yamekwisha," akasema. "Kaseti yako naisikiliza kila siku. Wanaume nawasikia, hata yule mwenye kikohozi. Wewe tu ndiye sikusikii."

Nikaichukua redio nikabonyeza. Utepe ukakwaruza, kimya. Halafu wanaume: "Ndiyo, Bwana!" Kimya tena. "Ndiyo, Bwana!" Wanaume wazima, wana ndevu zao, wanaitikia hewa! Mama akaninyang'anya redio, na kila kilipofika kile kimya aliikandamiza sikioni kwa mikono yote miwili, amefumba macho, ananitafuta.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nikamwambia kwa nguvu sikioni kwamba masikio yake hayana kosa, mimi simo kabisa kwenye kaseti, mwalimu alituweka sisi kwenye spika na wanaume kwenye redio.

Akanipapasa mkono. "Usinibembeleze, mwanangu. Mwalimu mzima wa kwaya afanye ujinga huo?"

Nikazima redio. Nikasogeza mdomo mpaka ukagusa sikio lake, nikauimba wimbo wote kuanzia juu, nikaita na kujiitikia mwenyewe, sauti ile ile iliyofika stesheni. Majirani wakatoka nje kuangalia nani anapigwa.

Mama akashtuka. Akanishika uso. "Ee! Ndiyo wewe huyo?"

"Ndiyo mimi, Mama."

"Mbona unaimba kama unagombana na mtu?"

"Nagombana naye kweli."

Akajifuta macho kwa kanga, akanigeuzia sikio la pili. "Basi gombana naye tena."