Nyasi za Kogo

Kogo, mama mzazi wa baba yangu, alikuwa mtu wa mwisho kijijini kwetu kulala chini ya paa la nyasi, na si kwamba alikosa wa kumwekea mabati. Baba alimbembeleza miaka mingi. Kogo alisema mvua ya huku Roret ikipiga mabati, mtu anaweza kufa kando yako usimsikie. Kwa hiyo nyuma ya nyumba yake aliacha kipande cha nyasi za kuezekea, wakati kila mtu alikuwa ameshapanda chai hadi mtoni. Baba alikitamani kipande kile. Miche yake ya chai ilikuwa kitaluni, imenenepa, inangoja shamba.

Katikati ya miaka ya tisini, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, kiangazi kilishika hadi chai ikageuka rangi ya kutu. Boma moja upande wa Siongiroi likaungua. Naibu wa chifu akaita baraza.

"Mimi nikisema sirudii," alisema. "Kuzunguka kila nyumba nataka kuona udongo. Kichaka, nyasi, iliyokatwa, isiyokatwa, yote ichomwe. Ijumaa napita na askari. Nikipata takataka kwa boma yako, utaenda kunielezea vizuri huko ofisi."

Watu walipiga makofi. Miaka michache tu nyuma, nyumba za majirani zetu waliotoka Mkoa wa Kati zilichomwa pale chini mchana kweupe, na hakuna aliyeitisha baraza. Sasa tulikuwa tumepata adui asiyeweza kujibu.

Baba alikuwa mzee wa kijiji, yule anayepeleka maneno ya chifu nyumba kwa nyumba. Halipwi chochote, lakini anasalimiwa kwanza. Baba aliipenda salamu hiyo kuliko chakula.

Shida ni kwamba Kogo alikuwa ameshakata nyasi zake. Zilikuwa zimefungwa miganda, zimeegemezwa ukutani, zinangoja Jumamosi. Kwetu mtu haezeki peke yake. Majirani huja, wanaume wanapanda juu, wanawake wanarusha miganda, na mwenye nyumba anawapa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Kogo alikuwa ameshatayarisha vibuyu vya maziwa, na paa lake la zamani lilikuwa limeoza kiasi cha kuona anga ukiwa umelala. Nilijua, kwa sababu nililala kwake mara nyingi.

Baba alikuja Alhamisi na kiberiti.

"Mama, nitaanzaje kwa watu kama kwangu bado?"

"Ngoja Jumamosi," Kogo alisema. "Zikishapanda juu si takataka tena."

"Serikali haingoji Jumamosi."

"Basi niingizie ndani. Nitalala juu yake. Huyo askari wako atamwinua mwanamke mzee kitandani?"

Mama yangu alisimama mlangoni kwake akifuta mikono kwenye leso, mikono iliyokwisha kukauka. Mimi nilisema, "Baba, tafadhali." Alinitazama kana kwamba ng'ombe amezungumza. Kisha akaiburuta miganda hadi katikati ya uwanja, mmoja mmoja, akiipanga vizuri, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa kazi safi. Ilishika mara moja. Kogo aliketi kwenye kigoda chake akaangalia mpaka ikaisha, halafu akaniambia nimletee maji ya kunywa.

Ijumaa naibu wa chifu alipita. Alisimama barabarani, akanyoosha kidole, akasema, "Boma ni hii!" Hakuingia hata ndani ya lango. Baba alisimulia neno hilo wiki nzima.

Jumamosi hakuna aliyekuja kuezeka. Hakukuwa na nyasi kijiji kizima.

Mvua za masika zilipoanza, Kogo aliweka sufuria chini ya kila tundu, kisha zikamwishia. Moto wake ukazimika. Tulimhamishia kwenye chumba cha mabati karibu na jiko letu, mahali alipokuwa amekataa kuishi maisha yake yote, na kila ilipopiga mvua aliziba masikio kama mtoto. Kifua kilimshika. Usiku mmoja mvua ilipiga mabati hadi alfajiri, na sisi, upande wa pili wa ukuta, hatukusikia kitu. Ilikuwa kama alivyosema.

Sijui kama Baba alipanga. Najua kwamba mvua hizohizo zilikuta miche yake imeshatoka kitaluni, imepandwa kwa mistari iliyonyooka pale zilipokuwa nyasi. Sijawahi kumuuliza, na sijamsamehe.

Mazishini naibu wa chifu alipewa nafasi ya kusema. Alimsifu marehemu kuwa raia mtiifu, mama wa boma ambayo moto hauwezi kuikaribia. Baba aliitikia kwa kichwa.

Nyumba ile isiyo na mtu ilioza, kuta zikalainika, na kabla ya mwaka kuisha ililala chini. Kiangazi kilichofuata tangazo lilirudi: kila takataka karibu na nyumba ichomwe. Baba aliangalia fito za Kogo zilizoanguka, nguzo na mlango, akaanza kuziburuta hadi katikati ya uwanja, moja moja, akizipanga vizuri. Kisha akaniomba kiberiti.