Aliondoa Jina, Akaacha Sahani

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nasema mapema ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Nimeona meli ikiungua gatini na shehena yake yote. Nimeona tajiri akiuza milango ya nyumba yake, mlango mmoja mmoja, mpaka akalala kwenye upepo. Sikushangaa. Niliingia bandarini sina kiatu, nikabeba magunia, nikanunua mkokoteni, mkokoteni ukaleta wa pili, na kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na nyumba ya vyumba sita Timbwani, hatua chache kutoka kivukoni. Chuoni nilihitimu Kurani. Skuli nilikwenda miaka miwili, ikatosha. Kiingereza nilikiokota gatini kwa maofisa wa meli, bure, na kimenifaa kuliko kilivyowafaa wengi waliokilipia ada.

Basi alipokuja yule mwanamke wa Kizungu kutafuta mwenyeji, aliletwa kwangu. Angeletwa kwa nani tena?

Alikuwa kijana, mwembamba, pua imebabuka kwa jua. Sote tulimwita Memsabu. Chuo kikuu cha kwao kilimtuma aandike habari za watu wenye kifua kikuu. Si dawa, wala si vipimo. Hakuwa daktari wa kutibu. Alitaka kujua mtu akishaambiwa ana kifua huwaza nini, humwambia nani, humficha nani, usingizi humjia vipi. Nilimuuliza kama hiyo nayo ni kazi. Akasema ni elimu, tena akiimaliza atapewa cheo cha udaktari. Nikamuuliza udaktari wa kumtibu nani. Akacheka. Alikuwa na tabia ya kucheka mtu anapomchokoza, na hilo nililipenda.

Nikampangisha chumba cha mbele kwa mchana tu, maana jioni alirudi kwa Wazungu wenzake upande wa pwani. Mimi mwenyewe nikawa mkalimani wake. Milango yote ya Likoni aliyoingia mwaka ule, mimi ndiye niliyebisha hodi.

Kazi yenyewe haikwenda. Watu wa kwetu ukiwauliza hali wanashukuru. Aliye hoi kitandani anashukuru. Kulalamikia ugonjwa mbele ya mgeni ni kama kumshitaki Mungu kwa jirani. Tulikwenda kwa mkulima mmoja mzee, yeye hakushukuru tu, alianza na harusi yake, akaja kwenye mihogo yake, akaeleza siku kifua kilipombana shambani akakaa chini mpaka jua likamchwea. Aliposita nikamgeukia Memsabu, nikasema kwa Kiingereza mzee hajambo, anamshukuru Mungu.

Akaiangalia kalamu yake. "Amesema maneno mengi sana."

"Mengine yalikuwa salamu," nikamjibu.

Nilimfundisha mimi kwamba mtu wa hapa haulizwi ugonjwa uso kwa uso. Yeye akalizungusha mpaka akapata swali lake. Akaacha kuuliza hali, akawa anasema: nieleze siku yako ya jana, tangu ulipofumbua macho. Hapo watu wakafunguka. Mtu akianza na kuchota maji atafika tu mahali ambapo pumzi ilimkatika na ndoo mkononi, na atakueleza alimdanganya nani kwamba ameteleza.

Kiswahili alikipata uani, kwa wanawake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi na vidole vinamtoka damu. Mwaka haujatimia, ukimwita anaitika abee. Siku moja akaniambia kwa adabu kwamba sasa ataweza mwenyewe. Nikabaki mwenye nyumba.

Wakati ule nilikuwa na mpangaji mmoja, mtu wa bara, kibarua katika ujenzi wa magati ya Kipevu. Akaanza kukohoa. Si kikohozi cha vumbi, vumbi nalijua. Nikamrudishia kodi ya siku zilizobaki, nikamtolea godoro lake nje, nikauchoma mkeka wake uani. Mimi nina vyumba sita vyenye watoto ndani. Aliye na nyumba yake aniambie angefanya vingine. Jioni nikayaeleza hayo barazani kwangu, mbele ya watu, nikasema hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja ningemtoa. Wakaniunga mkono wote.

Haukupita muda, mke wangu akaacha kula na mimi. Sisi tulikuwa tukila sinia moja tangu tuoane. Akachukua sahani ya bati na kikombe chake, akawa anakula jikoni peke yake, na usiku akatandika kitanda cha pili. Nilipomuuliza akasema ameweka nadhiri, kwa ajili ya mtoto ambaye Mungu hajatujalia. Tena Jumatatu na Alhamisi anafunga, na siku hizo atavuka feri akashinde kwa shangazi yake kisiwani, wasome pamoja.

Niseme nini? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasimulia. Kwa kinyozi nilisimulia, na kila Ijumaa tukitoka msikitini nilisimulia. Niliwaambia wenzangu wake zao wakitaka kanga mpya ndipo hukumbuka kuomba, wangu ana sahani yake ya bati na saumu zake mbili kila wiki. Mtaa mzima uliijua sahani ile kama unavyojua kisima.

Memsabu alipokaribia kumaliza kazi yake, bwana afya akawaita wenye nyumba na wazee waje skuli kumsikiliza. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nilikaa mbele. Nilitarajia nitajwe, na sioni aibu kulisema. Mtu aliyefungua milango hutajwa.

Akasimama, akatoa salamu zote kamili, akaeleza kwamba hatataja jina la mtu, kwa sababu aliwaahidi. Akasema hofu ya kufukuzwa nyumba ndiyo inayowafanya watu wafiche kifua, na wakificha ndipo kinapoenea. Akatoa mifano. Ule wa tatu nausikia mpaka leo.

"Kuna mwanamke," akasema, "alipoambiwa ana kifua, alimwambia mumewe ameweka nadhiri. Anakula peke yake kwa sahani ya bati. Analala kitanda chake. Anavuka feri kwenda kuchomwa sindano, na mumewe anadhani amefunga. Hafanyi hivyo kwa kuwa hampendi. Anamlinda, na anajilinda naye."

Nyuma yangu alikuwa muuza nguo, mzee wa nyumba ya zamani, mtu wa maneno machache na kofia safi. Akainama, akasema kwa upole, kwa sauti iliyofika mlangoni:

"Bwana, hiyo si ile nadhiri unayotusomea kila Ijumaa?"

Mtu mmoja akacheka. Yule tuliyeketi naye dawati moja akasogea, akasogea tena, mpaka akawa hana pa kusogea akasimama. Na Memsabu kule mbele akanielekezea macho, nikaona uso wake unavyogeuka rangi. Ndipo alipojua ametaja.

Nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa ameketi kizingitini mwa jiko, habari zimekwisha kumfika. Za mtaani kwetu zina miguu kuliko mimi.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyomtoa yule mpangaji."

"Na mimi mumeo hukuniambia."

"Nilikuja kukwambia, bwana. Siku ileile niliyotoka hospitali. Nikakukuta uani unachoma mkeka."

Nikamwambia yeye si mpangaji, yeye ni mke wangu. Akanikumbusha nilivyosema juu ya ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasema yale yalikuwa maneno ya barazani, mbele ya watu.

"Nami nilikuwa nyuma ya mlango," akasema.

"Lakini Mzungu ukamwambia."

"Aliniuliza."

Hapo nilisema mengi, na mwanamume yeyote aliyetoka mahali nilipotoka mimi angesema. Nilieleza ukumbi ulivyokuwa, na yule muuza nguo, na dawati, na jinsi nitakavyopita sokoni kesho. Nilipoishiwa, alikuwa amekwisha kufunga kanga zake. Akaenda Bofu kwa kaka yake. Wiki ileile wapangaji wawili wakahama, wakisema vyumba vyangu vina kifua.

Memsabu alikuja kesho yake asubuhi, baada ya mkutano. Hakuingia, alisimama barazani. Akasema amenikosea, na amemkosea mke wangu zaidi. Alikuwa na idhini yake kusimulia, akaondoa jina, akaondoa mtaa, akadhani yatosha, hata mimi nitadhani ni mke wa mtu mwingine.

"Jina umeliondoa," nikamwambia, "sahani umeiacha."

Akasema hakujua kama watu wanaijua sahani.

"Mwaka mzima umekaa barazani pangu unasikiliza watu. Mimi hukunisikia? Nilikuwa nayasema hapa hapa, ungali umeshika kalamu. Umemuuliza kila mtu siku yake ya jana. Mimi nimekutembeza, nimekufundisha, mimi hukuniuliza hata mara moja."

Akafunga kitabu chake, akashuka barazani. Baada ya siku chache akarudi kwao na masanduku yake ya karatasi.

Mke wangu nilimwacha Bofu bila talaka. Nilijua atarudi. Wanawake wa umri wake hawakai kwa mawifi. Nikawa napeleka masurufu kwa mkono wa mtu, na kaka yake akawa anayarudisha kwa mkono wa mtu yuleyule. Nikasikia amemaliza sindano. Nikasikia amepona, amenenepa. Nikaezua makuti nikapiga mabati, nikasakafu nyumba yote kwa saruji, ili akija asione nyumba ni ileile.

Uhuru ulipokaribia, watu wanagombana mabarazani kama mwambao uende na bara au ubaki na Sultani, siku moja nikaona kivuli mlangoni. Memsabu. Sasa ni daktari wa kile cheo chake, anafundisha chuo kikuu, nywele zimeanza mvi. Nikampa kiti, mimi si mtu wa kumnyima mgeni kiti. Akaniambia kwamba kila mwaka, wanafunzi wapya wakija, somo la kwanza analowapa ni lile kosa lake la skuli. Huwafundisha kwamba kuondoa jina si kuficha mtu. Sasa hubadilisha sahani, hubadilisha siku, hubadilisha hata nadhiri. Akasema kwangu ndiko alikojifunza kazi yake.

"Hao wanafunzi," nikamuuliza, "unawaambia mume alikuwa nani?"

"Hapana. Siwezi."

"Unawaambia alianza na mkokoteni? Kwamba nyumba ile aliijenga mwenyewe?"

"Hayo yangekutambulisha," akasema.

Basi fikiria. Kote huko Ulaya, vijana wasionijua wanaandika habari yangu vitabuni mwao. Kila kitu changu kimetolewa, vyumba vyangu, jasho langu, Kiingereza changu cha gatini. Amejifunza kunificha barabara kabisa. Kilichobaki ni mjinga mmoja aliyeamini. Juu ya mjinga huyo yeye amepanda cheo.

Akaniaga, akasema anakwenda Bofu kumwona rafiki yake. Rafiki yake ni mke wangu.

Siku ya tatu nami nikavaa kanzu nikaenda. Shemeji yangu akanipa kahawa. Mke wangu akatoka, akakaa kwenye jamvi mbali kidogo. Kweli alikuwa amenenepa. Alikuwa na kazi hospitali, wanamlipa kidogo akae na wanawake walioambiwa habari ya kifua siku hiyo, asikilize tu. Nikamweleza habari ya mabati. Nikamweleza saruji, na kwamba wapangaji wamerudi na kodi imepanda, na jikoni nimetoboa dirisha. Akasikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza yule Mzungu, macho yametulia. Hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi nipe talaka yangu, bwana, kwa wema."

Nikamkumbusha kwamba mwanamke anayejitoa mwenyewe hurudisha mahari. Nilisema ili ashtuke. Hakushtuka. Kaka yake akaweka kikombe chini akasema, "Shemeji, pesa zako zipo. Amekwisha kuziweka, za mshahara wake. Tukuletee leo au kesho?"

Nitazamwe mimi, niliyebeba magunia ya watu mgongoni, nikipokea kwa mkono huu pesa ya mwanamke ili anikimbie? Nikawaambia sichukui hata senti. Talaka natoa mimi, kwa kinywa changu, na mahari iliyobaki kwangu tangu siku ya ndoa nailipa yote.

Tukaenda kwa kadhi wiki ileile, nikatamka talaka. Pesa nilizihesabu mezani, noti na sarafu, moja moja, polepole, kila aliyekuwapo aone zinatoka kwa nani. Mahari iliyobaki, shilingi mia tatu. Masurufu ya eda, mia na hamsini. Karani na stempu zake, kumi na mbili na nusu. Zikafika shilingi mia nne sitini na mbili na senti hamsini.