Pudre pa Kichwa ya Ngalula

Miye sijui kusoma, lakini siku zote nalea batoto kwa ukali. Mujukulu wangu Ngalula, mwenye kuniita Kambo, alileta buletini ya masomo, ile karatasi ya alama zake, imejaa mistari nyekundu. Nikamuuliza: «Hii nyekundu yote?» Akakimbilia inje. Nikawaza mwalimu anamusifu, nikatangazia mutaa yetu ya Katuba nzima.

Siku ya kutangaza matokeo, sikungojea basome jina yake. Nilimumwangia pudre, unga mweupe ya kujipaka, pa kichwa mbele ya bazazi, vile tunafanyiaka mutoto mwenye kushinda, nikapiga vigelegele peke yangu.

Direkta, mukubwa wa shule, akakunja karatasi. «Mama, majina ya benye kushinda yamekwisha. Ngalula atarudilia mwaka.»

«Na nyekundu yote ile?»

«Nyekundu ni kuanguka, Mama.»

Nikamugeukia Ngalula, mweupe kwa pudre, machozi inatiririka. «Sababu gani hukuniambia?»

«Nilikuogopa, Kambo.»