Betri Kubwa ya Verlyn Haugsrud

Verlyn Haugsrud alitengeneza mabasi ya shule hapa Skarlund kwa miaka thelathini na minne, akastaafu, na siku ya pili akaonekana gereji akiuliza kama kuna basi linalosumbua. Mke hakuwa naye tena, watoto walihamia kusini kunakoota machungwa. Aliyebaki ni kaka yake, Orrin, aliyemzidi miaka tisa.

Hawa wawili hawakuwa watu wa maneno. Walichokuwa nacho ni ziwa. Kila Januari tangu Verlyn akiwa na miaka sita walikwenda maili tisini kaskazini, wakaingia na gari juu ya barafu, wakatoboa mashimo na kukaa kwenye kibanda hapo hapo wakivua, kimya, mpaka chakula kiishe. Vuli ile daktari akamwambia Orrin kwamba mapafu yake yamefika mwisho na asipange lolote la baada ya theluji kuyeyuka. Orrin alirudi nyumbani, akamwambia mdogo wake, "Nataka kwenda ziwani mara moja tena."

Basi hilo ndilo likawa neno. Orrin hakuweza kutembea hatua ishirini, kwa hiyo ilibidi afikishwe pale ndani ya gari lenye joto, na akae humo humo siku nzima. Pikapu ya zamani ya Verlyn, ya dizeli, ilikuwa inavujisha moshi ndani. Walipoijaribu uani, Orrin alikohoa hadi midomo ikawa ya bluu. Verlyn akazima injini na kusema atanunua ya umeme.

Mkahawani walimcheka wiki nzima.

"Verlyn, hiyo utaichomeka wapi, karibu na kibaniko cha mkate?"

"Ikiishiwa chaji njiani tutakuletea betri za tochi, usijali."

Verlyn alikunywa kahawa yake, akalipa, akaondoka. Mimi nilicheka na wenzangu, siwezi kusema uongo.

Siku ya kuchagua nilikwenda nao, maana Orrin alitaka mtu wa kumsukumia kiti chake cha magurudumu. Muuzaji alikuwa binti anaitwa Kaylin, mpole, mwenye kusema kweli kuliko ilivyofaa biashara yake. Akaweka karatasi mbili mezani. Gari la betri ndogo lilikwenda maili mia mbili thelathini, viti vya kitambaa, bodi ya mizigo iliyo wazi, basi. La betri kubwa lilikwenda mia tatu ishirini, lakini halikuuzwa ila kwa daraja la juu: viti vya ngozi, paa la kioo, mlango wa bodi unaojifungua kwa kitufe, na kifuniko kigumu cha bodi.

"Kwenye baridi inashuka kiasi gani?" Verlyn aliuliza.

"Theluthi nzima, mzee. Siku mbaya, zaidi."

Verlyn akatoa kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja. Kwenda na kurudi maili mia na themanini. Ndogo isingefika.

"Chukua ndogo, dogo," Orrin alisema. "LaVonne ana umeme pale kwake. Tutachomeka, tunywe kahawa, turudi."

LaVonne Pietila ndiye mwenye ile ghuba ya ziwa wanayovulia. Yeye ndiye anayepima barafu, anayesafisha njia juu yake na kuamua nani apite.

"Sitaki kumsumbua LaVonne."

"Kumsumbua nini? Si tunamlipa kila mwaka?"

"Tunamlipa njia, kaka. Hatumlipi umeme. Siwezi kwenda kwa mtu na waya mkononi kama ombaomba."

"Kwa hiyo unanunua viti vya ngozi ili usiombe soketi?"

"Nanunua betri. Viti vinakuja vyenyewe."

Ukitaka kutujua sisi watu wa Minnesota, anzia hapo. Tuko tayari kuingia gharama ya kipumbavu mradi tusimwambie jirani "naomba". Verlyn alitia saini. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeuliza gari lile lina uzito gani. Mimi napima malori ya mahindi kwenye mizani ya ghala la nafaka, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, na sikuuliza. Jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Januari ikaja na joto lisilo la kawaida. Mvua ilinyesha wakati wa theluji, watu wakaanza kuosha magari. Orrin akawa analala mchana kutwa. Wiki ya tatu baridi ikarudi, LaVonne akatangaza: barafu inchi kumi na tano, njia iko wazi, gari lisizidi ratili elfu sita na mia tano, watu wakiwemo. Anayezidi asubiri inchi kumi na nane.

Verlyn alikuja kwangu ghalani asubuhi ile ile, akapandisha gari kwenye mizani, akashuka. Orrin alibaki pembeni kwenye kiti chake, kafunikwa mablanketi, mtungi wa oksijeni mapajani. Nikasoma: elfu sita, mia nane na thelathini. Na hapo hakuna mtu ndani.

"Ile ndogo ilikuwa na ngapi?" Verlyn aliniuliza.

Nilikuwa nimeshatazama. "Elfu sita na hamsini."

Verlyn alikwenda kwenye sanduku la zana, akarudi na spana. Kwanza ukatoka ule mlango wa kitufe, kisha kifuniko cha bodi, tairi la akiba na jeki yake, mazulia, na mwisho kiti chote cha nyuma, ngozi safi ambayo haijakaliwa na mtu. Tukavipanga kwenye sakafu ya ghala, kati ya magunia. Gari likasoma elfu sita, mia tatu na themanini.

"Nipimeni na mimi," Orrin alisema. "Nimekuwa nikipungua tangu Septemba. Angalau sasa nimefaa kitu."

Tukampandisha. Yeye, mtungi na mablanketi: elfu sita, mia nne tisini na nane. Tulitazamana. Verlyn peke yake ana ratili mia mbili na thelathini na moja.

"Basi nani ataendesha?" nikauliza.

"Mimi," Orrin akasema. Alikuwa amerudisha leseni yake Oktoba, baada ya kuzimia kwenye usukani mbele ya benki.

Nilidhani Verlyn atakataa. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akazunguka gari mara moja, akasema, "Mimi nitatembea."

Kesho yake nikawafuata na kigari changu. Verlyn aliendesha hadi ukingoni mwa ziwa, akasimamisha. LaVonne alitoka jikoni na aproni yake, akasoma karatasi yangu ya mizani, akatazama bodi isiyo na mlango.

"Sasa kwa nini hukununua ile nyepesi?"

"Chaji isingenifikisha nyumbani."

"Verlyn, nina soketi ya mashine ya kuchomelea nyuma ya jiko. Kila mtu anaitumia. Ungeniambia tu."

Verlyn akatazama buti zake. LaVonne alipoelewa nani ataendesha, akatikisa kichwa.

"Hapana. Mtu mwenye mpira puani, peke yake juu ya barafu yangu? Hapana. Rudini wiki ijayo, labda itaongezeka."

"Wiki ijayo atakuwa hayupo," Verlyn alisema. Kisha akavua kofia, na baridi ile. "LaVonne, nakuomba."

Namfahamu mama yule, hapendi kuombwa kama sisi tusivyopenda kuomba. Mwishowe akaenda upande wa dereva, akamwambia Orrin, "Babu, madirisha wazi, mkanda usifunge, mwendo wa kobe. Kibanda cha kwanza, nusu maili. Nimeshatoboa tundu hapo hapo mlangoni. Ukiusikia mlio wowote, simama na utoke."

"Nitoke niende wapi, mwanangu?" Orrin alimuuliza, na LaVonne akacheka bila kutaka.

Gari likashuka ukingoni bila sauti. Orrin alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, mzee ambaye jana tulimbeba kama furushi. Verlyn alimfuata nyuma hatua hamsini akivuta kisanduku cha vifaa vya kuvulia. Mimi nikafuata kwa miguu nyuma ya Verlyn.

Tulipofika, Orrin alikuwa keshasimamisha gari, tundu likiwa chini ya dirisha lake. Verlyn akamtilia chambo, akampa fimbo ya kuvulia, akageuza ndoo na kukaa nje, mgongo kwenye mlango wa gari. Baridi ilikuwa ya kuuma meno.

"Ingia, dogo. Kiti hiki cha pili kina joto mpaka makalioni."

"Siwezi. Uzito."

Barafu, ukiniuliza mimi, haijali kama mtu yuko ndani ya gari au kakaa ameliegemea. Lakini LaVonne alisema ndani ya gari, na Verlyn si mtu wa kuchezea neno la mwenye njia. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Amelinunua gari lote lile ili akae na kaka yake kwenye joto, na kiti kile kilikuwa kitupu kwa sababu ya betri.

Walivua kwa muda wa saa tatu. Orrin alipata samaki wawili, Verlyn hakupata. Mara moja nikaona mkono wa Orrin unatoka dirishani, bila glavu, ukatua juu ya kofia ya mdogo wake na kubaki pale. Nawafahamu miaka hamsini, sijawahi kuwaona wakigusana, hata mazikoni. Verlyn hakugeuka, aliendelea kutazama tundu, machozi yakimgandia mashavuni. Mkono ulipopata baridi Orrin akaurudisha ndani, akamuuliza kama chambo bado kipo.