Sukari niliyomukataza mama mukwe njo ile nilimukunywesha

Mama wa page, jina langu ubaki nalo mwenyewe, maana familia ya bwana wangu wanasomaka hapa. Niko na myaka makumi mbili na ine, mama wa watoto wawili, wa mwisho angali ananyonya. Tunaishi karibu na Lushebere, Masisi. Masomo yangu iliishia primaire, mutanivumilia. Bwana wangu anachimba mawe huko upande wa Mubi, Walikale, na miezi inapita bila kumuona. Kwa nyumba tuko mimi, watoto na mama mukwe.

Mama mukwe iko na ugonjwa wa sukari, ile inashikaka watu wazima. Vidonge vilishindwa, wakamuanzishia insulini. Macho yake haioni vizuri na mikono inatetemeka, kwa hiyo muganga wa santé, kile kituo cha afya, alinifundisha mimi kumupiga sindano kwa tumbo kila asubui. Sasa kwetu, mukamwana haoni tumbo la mama mukwe. Ni haya kubwa, ni tumbo lililomubeba bwana wako. Siku ya kwanza tulilia wote wawili. Akafunika uso na kitenge, akasema, "Piga, mutoto wangu, lakini bale nilizala wasijue." Njo namna tulianza kujificha. Tunafunga mulango, ninamupiga, chupa ya dawa ninaifunga ndani ya kopo na kuirudisha mu mutungi wa udongo wenye muchanga yenye maji, sababu frigo hatuna.

Chakula pia nilibadilisha. Bugali kidogo kama ngumi, majani ya lenga-lenga na sombe nyingi, maharagi, mutobe, ile maji tamu ya ndizi, hapana, chai bila sukari. Sukari kidogo tu nilifunga kwa kitambaa, sababu muganga alisema, "Mama, insulini ikishaingia lazima ale. Asipokula atatetemeka, atatoka jasho. Hapo umupe sukari mbio, kama angali anameza."

Kwetu mukamwana wanamupimaka na kilima cha bugali. Kaka mukubwa wa bwana wangu alitoka Kitshanga kusalimia mama yake, akaangalia sahani. "Shemeji, mama yetu unamulisha majani kama mbuzi? Hata ngombe za mahari tulitoa kwenu zilikuwa zinakula vizuri kuliko yeye." Majirani wakacheka. Akamuombea mama mutobe, nikakataa mbele ya wote, nikasema sukari itamuua. Sindano mama mukwe hakuitaja, juu ya ile haya yetu.

Shemeji akalala kwetu. Asubui alienda kutazama shamba, nikafunga mulango, nikapiga mama sindano. Maji ya bugali ilikuwa inachemuka wakati masasi ya bunduki ilianza kulia kwa kilima. Ikakaribia. Jirani yetu alitoka na jembe yake akaanguka kwa kizingiti, tumbo wazi, bibi yake akalala juu yake akiita. Nikafunga mutoto kwa mugongo, nikavuta mukubwa na mama, tukalala mu migomba, uso kwa udongo.

Mama alikuwa anatetemeka. Niliona ni woga, maana kila muntu pale alitetemeka. Jua likapanda. Nikamugusa, kitenge chake imelowa jasho, akaniita jina ya dada yake aliyekufa zamani. Hapo nikakumbuka maneno ya muganga. Dawa iliingia, chakula haikuingia. Masasi ilipopungua nikamukokota mupaka ndani, nikaweka watoto kwa kona, nikavuruga sukari yote na maji, nikaanza kumukunywesha kidogo kidogo.

Shemeji akaingia mbio kutoka shamba. Aliona mama yake macho imegeuka, kitenge imefunguka kwa tumbo, sindano kwa mukeka, na mimi na kikombe.

"Iyo ni sukari?"

"Shemeji, acha ameze kwanza."

"Jana ulisema sukari itamuua. Leo unamupa. Na sindano ni ya nini?"

Hakungoja jibu. Alikamata mutwangio wa kinu. Ya kwanza ilivunja bega yangu ya kuume, ya pili ikanitoa meno mbili. Nikahamisha kikombe kwa mukono wa kushoto, nikaendelea. Akapiga mutungi na mguu, ikapasuka, akakanyaga chupa ya dawa. Akanishika koo. "Ulianza na njaa, sasa unamaliza na sumu." Mutoto wangu mukubwa alikuwa anamuuma mguu, akamutupa kwa ukuta.

Njo nikasikia sauti nyuma yake. "Nani anapiga mutoto wangu?" Sukari ilikuwa imeshamuingia, mama mukwe alikuwa amekaa. Akachukua fimbo yake, akamupiga mwana wake kwa uso mupaka damu ikamuingia kwa macho. "Mimi njo nilimuambia afiche. Unipige mimi." Shemeji akalia kama mutoto. Lakini akitoka kwa nyumba alisema, "Alishamuloga."

Familia walikaa kikao. Walikata kwamba siku ya posho, njo jumamosi, shemeji atakuja kumuchukua mama, ampeleke Kitshanga kwa maombi na dawa ya miti, sindano isiingie kwake. Bwana wangu kwa telefone aliniambia, "Mukubwa akishasema, mimi nitasema nini?" Muganga alinipa chupa ingine, iko kwa jirani, yule mujane. Jana nikimupiga mama sindano na mukono wa kushoto, alisema, "Kule ninakufa. Unipeleke Mubi kwa bwana yako. Akinikataa, anikatae mbele ya macho yangu."

Barabara ya Mubi iko na watu wa bunduki, na mimi na watoto wadogo na bega mubovu. Lakini leo asubui kwa santé walimupima, sukari yake iko muzuri. Alicheka, akasema mukono wangu wa kushoto hauumize kama ule wa kuume. Sijamuona anacheka tangu vita ile.

Wamama na wababa munaosoma, posho iko karibu. Mukamwana gani anaiba mama ya watu? Na mukamwana gani anamufungia muzigo, akijua anaenda kufa? Munishauri: nimuache aende, ao nimupandishe pikipiki mbele hawajafika?