Neno la Kumleta Nisha

Kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni ile niliyoulizwa swali na mwanafunzi wangu nikabaki nimeshika chaki kama mtu aliyesahau ameingia chumbani kufuata nini. Nimeikumbuka kwa sababu yako. Umeanza kufundisha Kiingereza, umefika kwenye must, should, may na can, na unaniambia wanafunzi wanakuchanganya na wewe unawachanganya. Pole. Mimi nilichanganyikiwa kabla hujazaliwa.

Nilikuwa mwalimu msichana, nimepanga chumba mtaa wa Soweto, na jioni nilimfundisha Bibi Kanta, mama wa Kihindi aliyeishi ghorofani juu ya duka la vitambaa la familia yake pale Moshi mjini. Kiswahili alikijua kuliko mimi niliyekulia kwenye Kichagga, lakini Kiingereza hakuwahi kukihitaji. Mwanawe mkubwa alikuwa amefariki Uingereza na kuacha binti, Nisha, asiyejua Kigujarati wala Kiswahili. Bibi hakuwahi kumwona ila kwa picha. Naye alikuwa na presha ya macho; daktari alishamwambia kwamba kuona kwake kunapungua na hakutarudi. Alitaka jambo moja tu, mjukuu aje ili yeye amwone uso kabla macho hayajafunga.

Nikafundisha kama nilivyofundishwa chuoni: must ni lazima, should ni inafaa, may ni ruhusa, can ni uwezo. Nikajisifu moyoni. Bibi akamimina chai, akanisogezea sahani ya bagia, kisha akaanza.

“Mwalimu, nikimwambia Nisha may, si ataona namruhusu kama mtoto anayetaka kutoka darasani? Na can ya nini? Kuja anaweza, ndege zipo. Na must, baba yake mdogo humwambia hiyo kila akipiga simu, na mtoto haji. Sasa neno la kumleta ni lipi?”

Nikasema labda should. Akauliza kama ni kweli inafaa kijana aache masomo na rafiki zake aje kumtazama kikongwe asiyemjua. Nikasema basi turudi kwenye may. Nikaandika ubaoni, nikafuta, nikaandika tena. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini hawakusema anayeulizwa afanyeje. Nilirudi Soweto nikiwa sina hakika kama Kiingereza chenyewe nakijua.

Na nyumbani nako kulikuwa na yangu. Kwetu ni Mkuu, Rombo. Kaka yangu mkubwa alikuwa akinitumia ujumbe kwa kila aliyeshuka mjini: lazima uje, kuna kikao cha ukoo; lazima uje, mama anakuulizia. Kila nikisikia hiyo lazima, nilikumbuka nina madaftari ya kusahihisha. Kisha Ijumaa moja jirani yetu aliyeleta ndizi sokoni alinipitia.

“Mama yako anakusalimu,” akasema. “Anasema ule mkungu wa mshare nyuma ya jiko umekomaa, anautazama tu.”

Mshare ndio ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mtori wa mama yangu nani angeukataa. Sikuambiwa nije wala nisije. Jioni ile ile nilikwenda kwa Bibi Kanta kumwomba ruhusa ya kukosa somo la Jumamosi.

“Nani kakulazimisha uende?” akauliza.

“Hakuna, Bibi. Mama amesema ndizi zimekomaa.”

“Na yule kaka unayemlalamikia hapa kila siku, yeye si alikuita?”

Alinitazama, ingawa sijui alikuwa anaona nini.

“Wewe mtoto,” akasema, “mambo haya unayo, na mimi unanipa ubao.”

“Hayo si sarufi, Bibi.”

“Nani alikuambia nataka sarufi? Mimi namtaka Nisha.”

Hakupandisha sauti, lakini niliona aibu. Hiari yashinda utumwa, methali hiyo niliiimba tangu shule ya msingi, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuhusu simu ya Uingereza.

Niliporudi kutoka Rombo tulianza upya, na must hatukuigusa. Jumapili Bibi akapiga simu mwenyewe, mimi nimekaa pembeni. Kwa Kiingereza cha kuokoteza alimwambia mjukuu wake kwamba ametengeneza achari ya ndimu, ile ambayo baba yake alikuwa akiidokoa jikoni alipokuwa mdogo, na kwamba imekolea. Akamwambia pia kwamba siku hizi haoni vizuri, chupa moja ameivunja. Basi. Akanyamaza, na upande wa pili nao ukanyamaza, nikadhani simu imekatika.

Kisha Bibi akaziba simu kwa kiganja, uso umembadilika.

“Anauliza kama aje,” akaninong'oneza. “Nimjibu lipi katika yale ya ubaoni?”

Yote yalikuwa yamenitoka. “Mwambie ndiyo, Bibi. Ndiyo tu.”

Nisha alikuja likizo iliyofuata. Bibi alimsimamisha dirishani penye mwanga, akamshika mashavu, akamtazama, akamgeuza, akamtazama tena, mpaka binti akawa anacheka na kulia kwa pamoja. “Paji la baba yake hili,” Bibi akasema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Mwaka uliofuata hakuweza tena kutofautisha mtu na pazia, lakini ule uso alikuwa ameshauona.

Nikuambie kweli, mpaka leo sijui ni nini hasa kilichomleta yule binti: achari, au chupa iliyovunjika, au sauti ya bibi yake ikihangaika na lugha ya watu. Husemwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini ya Bibi Kanta hayakuwa matamu, yalikuwa yanakwama kila hatua. Bado nachanganyikiwa, na wewe usione haya kuchanganyikiwa.

Wafundishe watoto yale maneno, mtihani unayataka. Lakini kabla hujashika chaki, muulize mwanafunzi anakwenda kumwambia nani, na anatamani kupata nini. Na nje ya darasa, mwanangu, hiyo lazima iweke kwa mambo yake: dawa, moto, mtoto anayesogelea mfereji uliojaa. Unayempenda usimwamrishe aje kwako. Mwonyeshe kwamba nafasi yake ipo, kisha uvumilie kimya kitakachofuata, maana wengi hushindwa hapo hapo kwenye kimya, wakaanza kuamuru.

Mungu akujalie wanafunzi wa kukuuliza usiyoyajua. Na ukizeeka akujalie mtu wa mbali ambaye ukinyamaza kwenye simu, atauliza kama aje.