Ubishi wa Namba Tatu

Ligi inapoisha, watu wengi hapa Mbulu hurudi kwenye mambo yao: mavuno, harusi, kipaimara cha watoto. Mimi ndipo ninapoanza kuhangaika. Dirisha la usajili linafunguliwa, wachezaji wanakuja na kuondoka, nami nakaa kwenye chumba changu cha kupanga nikipanga kikosi cha timu ambayo haijui kama nipo duniani. Nampanga huyu, namtoa, namrudisha. Nikigundua nimekosea nafasi moja naona aibu, peke yangu, mlango umefungwa, kama vile kuna mtu ameniona.

Msimu huu ubishi mkubwa ulikuwa wa namba tatu. Beki wetu wa kushoto tuliyemzoea alikuwa amefika umri ambao mashabiki huanza kumwita mchezaji "mkongwe", na hiyo ni namna ya heshima ya kumfukuza mtu. Si mwepesi, hapigi chenga, na krosi zake nyingi huishia kwa wauza maji. Lakini anajua pa kusimama. Ukimtazama vizuri utaona winga wa timu pinzani anapokea mpira, anainua kichwa, anakuta njia imezibwa, anaurudisha nyuma. Kazi hiyo haina makofi. Uongozi ukaleta kijana kutoka nje ya nchi, ana mbio, ana nywele alizozipaka rangi ya dhahabu, na video yake ya chenga ikazunguka kwenye simu zote za mjini. Niliitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi za watu mezani. Hakuna hata kipande kimoja kinachomwonyesha akirudi kukaba. Msimamo wangu ulikuwa huu na sijaubadilisha: aliyestahili kusajiliwa ni yule aliyeikatakata na kuiunga hiyo video.

Naamini pia kwamba mechi za kirafiki zinadanganya. Timu inakwenda kambini, inacheza na vijana wa chuo au timu ya daraja la chini iliyoshuka kwenye basi saa hiyohiyo, inashinda mabao mengi, na shabiki anaanza kuona kombe. Katika mechi za namna hiyo beki hajaribiwi. Anapanda, anapiga krosi, anashangiliwa, na nafasi aliyoiacha nyuma hakuna wa kuitumia. Ni kama kumsifu mlinzi wa mtaa ambao haujawahi kuona mwizi.

Sijasomea ukocha. Sijasomea hata ufundi simu unaonilisha. Vyote nimejifunza kwa kutazama, kusimamisha, kurudisha nyuma na kutazama tena, tangu nilipotoka nyumbani Masieda na kuja kutafuta maisha mjini. Kujifunza peke yako kuna ubaya wake: hakuna mtu wa kukuambia inatosha. Simu ya mteja ikishapona naifungua tena kuhakikisha. Hata sentensi nafanya hivyo. Dirisha la usajili lilipofunguliwa nilitumia jioni nzima kuandika maoni yangu kuhusu namba tatu kwa ajili ya kundi la mashabiki wenzangu kwenye simu. Kurekodi sauti sikutaka, kwa sababu Kiswahili changu kina Kiiraqw cha nyumbani ndani yake, maneno mengine yanatokea kooni, na nikijisikia kwenye simu natamani kuificha. Nikaandika, nikafuta, nikapanga aya, nikatuma. Jibu la kwanza lilikuja haraka: "Mwalimu, kipindi kimeisha? Tuna njaa." Wakacheka kwa vikatuni vya nyuso. Halafu mtu akaweka picha ya yule mgeni akishuka uwanja wa ndege na skafu ya timu shingoni, wakasahau kama niliandika kitu. Tangu siku hiyo kundi lile nalisoma tu.

Aliyekuwa ananisikiliza alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa shabiki wa watani wetu wa jadi.

Meza yangu ya ufundi iko kwenye baraza la duka la mablanketi na mashuka, karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitokea Kondoa, yeye akazaliwa Katesh, akafanyia biashara Mbulu miaka mingi, mkewe akibaki Katesh na nyumba. Mwanzoni nilimwogopa. Kwetu mkubwa anasalimiwa, na ukishamsalimia unainamisha macho. Huwezi kumwambia timu yake mbovu. Yeye ndiye aliyeniwekea utaratibu. Asubuhi nampa shikamoo yake, ananijibu marahaba, ananiuliza habari za nyumbani. Hapo heshima imekwisha lipwa kwa siku nzima. Kuanzia hapo mimi ni mtani, na mtani hana mkubwa.

"Shikamoo yako nimeshaipokea," alikuwa akisema akifungua kufuli. "Sasa niambie, yule babu yenu wa kushoto bado anatembea na fimbo?"

Namwambia fimbo hiyo ndiyo inayowafukuza mawinga wao. Yeye anasema mgeni wetu mwenye nywele za dhahabu acheze, tena acheze mechi zote, wao wanamwombea afya njema. Mimi namrudishia mshambuliaji wao mpya, mrefu kama mnara wa simu, na kama mnara hasogei. Siku za baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka barabarani na wateja hawaji, tuliweza kubishana hivyo mpaka adhana ya adhuhuri imwite. Lakini siku moja, akikunja shuka, alisema bila utani kwamba akiwa kocha wetu asingemgusa yule mkongwe, kwa sababu kila walipocheza na sisi ni yeye aliyewaharibia. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Wenzangu wa timu moja hawakuliona hilo, aliliona mtani.

Mwishoni mwa mwezi ule duka halikufunguliwa. Jirani anayeuza vitunguu saumu akaniambia mke wa mzee amefariki, mzee ameondoka alfajiri kwenda Katesh kuzika.

Niliamua kwenda. Maziko nilikuwa nimeshayakosa, kwa hiyo nilipanga kwenda kwenye tanga. Sikuwahi kuingia msiba wa Waislamu, na sipendi kuingia mahali nisipojua pa kuweka miguu. Nikasoma kwenye simu namna ya kukaa na namna ya kutoa pole. Nikatafuta suruali nyeusi na shati jeupe. Jezi yangu, ambayo huivaa chini ya koti karibu kila siku, niliiacha makusudi juu ya kitanda. Niliona kuipeleka msibani ni utovu wa adabu. Ndani ya basi, kuanzia Dongobesh hadi Haydom na kuendelea, nilikuwa nikirudiarudia sentensi yangu ya pole kimoyomoyo, nikibadilisha neno hili na lile, mpaka mlima Hanang ukasimama dirishani na nikajua tumekaribia.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Nilivua viatu. Nilimwona mzee katikati, kofia yake ya kitambaa kichwani, amepungua. Pembeni yake kulikuwa na wazee watatu wenye skafu za timu yake, na mbele kidogo mashabiki wa timu yangu, watu wa Katesh nisiowajua, wawili kati yao na jezi. Mmoja wa hao wa jezi alikuwa akidai kwa sauti kwamba marehemu alikuwa shabiki wao kwa siri na alistahili kuzikwa na jezi yao, aliishi na huyu mzee kwa kumhurumia tu. Watu walicheka. Mzee naye alitikisa mabega. Niliona vibaya kwa niaba yake. Nikadhani wanamkosea.

Nikapiga magoti mbele yake, nikatoa shikamoo, kisha nikasema sentensi yangu yote bila kukosea hata neno. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono.

"Ahsante, mtani," akasema. Halafu akaniinamia. "Na namba tatu yenu? Wameamuaje?"

"Hayo si ya leo, mzee," nikamjibu.

Aliutazama mkono wangu kidogo, akauachia. Akasema ni kweli, si ya leo, akageukia mgeni mwingine. Nililetewa pilau nikala, hakuna aliyenisemesha. Wale wa jezi waliendelea kumsumbua, mara wamfichie ndala zake, mara wamdai faini ya kuwakalisha chini, naye akawajibu mojamoja.

Mwanawe mkubwa, mtu wa makamo, ndiye aliyenisindikiza stendi. Njiani akaniuliza kama mimi ndiye fundi simu wa barazani Mbulu. Nikasema ni mimi.

"Baba amekuulizia tangu juzi," akasema. "Alikuwa anatuambia ngojeni, mtani wangu wa Mbulu akija mtacheka nyie."

Hakusema kwa ubaya. Akanilipia nauli, nikashindwa hata kukataa. Niliporudi chumbani nilikuta jezi pale kitandani, nikaikunja na kuiweka chini ya nguo nyingine.

Mzee hakurudi Mbulu. Duka lilikuja kufunguliwa na yule mwanawe, ambaye ni muungwana, ananisalimia vizuri, na mpira haupendi kabisa, anapenda mieleka. Wiki zikapita. Kambi ikavunjwa, namba zikatangazwa: mgeni kapewa tatu, mkongwe kapelekwa benchi. Nilikuwa na ya kusema mengi sana. Asubuhi nilikuwa nikigeuka kuelekea mlango wa duka na maneno tayari mdomoni, namkuta mwanawe anapanga mablanketi na kusikiliza redio. Jumapili nikienda nyumbani Masieda, baba huniuliza habari za kazi na mvua tu. Nilianza kumsimulia habari za beki mara moja, akaniuliza kama ni mtu tunayehusiana naye.

Namba ya simu ya mzee ninayo. Nilimwandikia ujumbe wa kuomba radhi, nikaufuta. Nikaandika mwingine mfupi, nikaufuta pia. Kila nilivyoandika, ujumbe ulionekana kama ile pole ya kwanza.

Halafu ikaja mechi ya kufungua msimu, sisi na watani. Niliitazama kwenye kibanda cha video nyuma ya stendi, nimesimama ukutani maana mabenchi yamejaa watu waliokuja na wenzao. Kipindi cha kwanza mgeni alipanda kama mshale, akatoa krosi safi, tukafunga, kibanda kizima kikanyanyuka. Mtu nisiyemjua akanikumbatia kisha akaniachia haraka alipoona sirukiruki. Kipindi cha pili watani walianza kupitia upande wa mgeni. Mara ya kwanza kipa akaokoa. Mara ya pili winga wao alikimbia kwenye uwanja mtupu kama mtu anayevuka shamba lililovunwa, akaukata mpira nyuma, na yule mnara wa simu, aliyekuwa amesimama tu, akafunga. Wakaongeza la pili kwa njia ileile. Watu walitoka wakimtukana kipa.

Nilitembea mpaka barazani. Kulikuwa bado na mwanga. Duka limefungwa, meza yangu nimeifunika turubai. Nikakaa kwenye ngazi nikampigia mzee kabla sijapata muda wa kuandika chochote.

Nilimpa shikamoo. Akaitika marahaba, sauti iko mbali. Akauliza baridi ya huko. Nikasema ipo. 

"Unanipigia kunipa pole nyingine?" akauliza.

"Hapana, mzee. Tumefungwa. Nimepiga unicheke."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nikangoja. Maisha yangu yote nimekwepa kuchekwa, na pale kwenye ngazi nilikuwa nangoja kwa hamu.

"Sikuitazama," akasema. "Niliwasha, nikazima. Mechi ikianza nilizoea kuwekewa chai pembeni."

 Safari hii sikutafuta sentensi ya kumpa pole.

"Nisimulie wewe," akasema. "Yote. Anzia namba tatu."

Nikaanza. Nilimweleza jinsi mgeni wetu alivyopanda tangu filimbi ya kwanza, nani alikuwa anamfuata na nani alisahau kumfuata, nikamweleza krosi yetu na bao letu. Nilisema kwa Kiswahili changu hichohicho cha kooni, nikirudi nyuma pale niliporuka jambo. Nilipofika kwenye bao lao nilisita kidogo ili apate nafasi ya kucheka. Hakucheka.

"Wakati mpira unapita," akauliza, "huyo mgeni wenu alikuwa amesimama wapi?"

Nikamwambia.